Jimbo au Viti Maalumu: Ulinganisho kwa Mwanamke Anayetaka Kuingia Bungeni

Kila unapokaribia msimu wa kuchukua fomu, wanawake walioamua kwamba safari hii hawatakaa pembeni kuwapigia wengine vigelegele huuliza swali moja: nichukue fomu ya jimbo au ya viti maalumu? Mara nyingi wanaojibu ni watu ambao mzigo wenyewe hawataubeba. Wazee wa chama husema, "Anzia viti maalumu, mwanangu, jimbo lina wenyewe." Vijana wa harakati husema viti maalumu ni vya kupewa, na mwanamke anayejiheshimu aende jimboni akapambane. Kila jibu lina ukweli wake, ila hakuna linalomsaidia mtu mwenye miezi michache tu mbele yake, akiba ya wastani, na mume au wazazi wanaosubiri kuelezwa. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake. Unahusu zaidi Tanzania, lakini nitavuka mpaka kwenda Kenya, Uganda na Rwanda pale ambapo mfano wa jirani unaonyesha jambo ambalo kwetu limejificha.

Mahali njia mbili zinapoachana

Kwa Katiba ya mwaka 1977 sifa za msingi ni zilezile kwa njia zote mbili: uwe raia, uwe umetimiza miaka 21, ujue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na uwe mwanachama uliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo anayedhani kwamba akienda jimboni amekwepa chama amejidanganya tangu mwanzo, kwa kuwa mlango wa kwanza ni uleule na aliyeshika ufunguo ni yuleyule.

Njia huachana baada ya hapo. Wa jimbo jina lake huchapishwa kwenye karatasi ya kura na kila aliyejiandikisha katika jimbo anaweza kumchagua au kumkataa. Wa viti maalumu hapigiwi kura na mwananchi yeyote siku ya uchaguzi. Katiba inataka wabunge wanawake wa kundi hili wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na nafasi hizo hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kila chama kwa uwiano wa kura zake. Chama hupeleka Tume ya Uchaguzi orodha ya majina kwa mpangilio wa kipaumbele, na Tume hutangaza kuanzia jina la juu. Namba uliyopewa kwenye orodha hiyo ndiyo kampeni yako yote, na ilikwisha kabla ya wananchi kuamka kwenda vituoni.

Utaratibu huu ulianza mwaka 1985 kwa viti 15. Ulipanuliwa hadi asilimia 15 mwaka 1995, asilimia 20 mwaka 2000 na asilimia 30 mwaka 2005, na kufikia mwaka 2015 wabunge wa kundi hili walikuwa 113. Upande wa majimbo mwendo umekuwa wa kinyonga: wanawake 8 mwaka 1995, 17 mwaka 2005, 21 kati ya majimbo 239 mwaka 2010, na baada ya uchaguzi wa 2015 ilikuwa takriban mwanamke mmoja kwa kila wabunge kumi wa majimbo. Wapo wanaosema viti maalumu vimewazoesha wananchi sura ya mwanamke bungeni hadi majimbo yakaanza kufunguka. Wapo wanaosema vimewapa vyama kisingizio cha kumwambia kila mwanamke anayetaka jimbo, "Ninyi mna viti vyenu." Mimi naona yote mawili yametokea, lakini la pili ndilo utakalokutana nalo uso kwa uso katika ofisi ya chama ya wilaya, kwa hiyo jiandae nalo.

Nani hasa anakupigia kura

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo ninaposhauri mtu afikiri kwa muda mrefu zaidi. Anayetaka viti maalumu kupitia Chama cha Mapinduzi (CCM) huchukua fomu katika ofisi ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania, yaani UWT, ngazi ya mkoa, kisha huomba kura kwa wajumbe wa mkutano wa jumuiya hiyo. Vyama vingine vina mabaraza yao ya wanawake, kama BAWACHA kwa upande wa Chadema, chama cha upinzani. Wajumbe hao ni mamia, hawafiki maelfu. Wanajulikana kwa majina, kwa wilaya wanazotoka, na kwa makundi yao ya tangu uchaguzi wa ndani uliopita.

Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi wa mkutano wa namna hiyo kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku. Wagombea walijipanga nje ya mlango na vitenge vya chama, wakiitwa mmoja mmoja na kupewa dakika tatu za kujieleza. Wa nne alikuwa mhadhiri. Alieleza kwa ufasaha namna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inavyoweza kuwafikia wanawake wasio na vikundi vilivyosajiliwa, akapigiwa makofi ya heshima. Wa tano hakugusa sera yoyote. Aliwasalimia wajumbe wilaya kwa wilaya, akataja misiba mitatu aliyoihudhuria mwaka ule, akamwita kwa jina mama mmoja aliyekuwa ametoka hospitali wiki ileile na kumuuliza mguu unaendeleaje. Kura zilipohesabiwa juu ya meza ya mbele, mhadhiri alikuwa na kura kumi na moja. Sikuona kwamba wajumbe walifanya upumbavu. Walimchagua mtu waliyekuwa na hakika kwamba wakimpigia simu atapokea, na katika siasa za ndani ya chama hiyo ndiyo sera yenyewe.

Kwa anayekwenda jimboni, wapiga kura ni makumi ya maelfu, lakini kabla hajawafikia hupita kwenye kura za maoni za chama, yaani uchaguzi wa ndani wa kumpata mgombea, na utaratibu wake umekuwa ukibadilika. Katika CCM mwaka 2015 walipiga kura wanachama kwa ujumla wao. Mwaka 2020 ilikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na ndipo watia nia waliorudi nyumbani na kura moja au mbili walipoupa umma ule msemo wa "wajumbe si watu". Aliyeongoza kura za maoni hana uhakika pia, maana vikao vya juu vinaweza kulikata jina lake na kumrudisha wa pili au wa tatu. Mwanamke wa jimbo hufanya mitihani miwili, wa wajumbe na wa wananchi, wakati mwenzake wa viti maalumu hufanya mmoja.

Kuna jambo moja la wapiga kura wa jimbo ambalo huwaumiza wanawake kuliko wanaume na ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni swali la "wewe ni wa wapi?" Mwanamume hugombea alikozaliwa. Mwanamke aliyeolewa mbali akirudi kwao huambiwa ameshatoka, aende kwa mumewe. Akigombea kwa mumewe huambiwa ni mtu wa kuja na kwamba wakiachana jimbo litabaki na nani. Nimesikia swali hilo likiulizwa hadharani, na kicheko kilichofuata kilimgharimu mgombea kuliko hoja yoyote ya mpinzani wake. Mwanamke anayefikiria jimbo na awe na jibu lake la sentensi moja, alilolizoea mdomoni, kabla ya kuchukua fomu.

Pesa, na suala la usiku

Wengi huamini viti maalumu ni vya bei rahisi. Ni kweli kwa kiasi, kwa sababu hutahitaji wakala katika kila kituo. Chukulia jimbo lenye kata 20 na vituo 300: kila kituo kinahitaji mtu wako wa kukaa kuanzia asubuhi hadi matokeo yabandikwe, naye lazima ale na afike. Ongeza gari linaloweza kupita barabara za masika, mafuta, spika na vijana wa kutangulia. Hata hivyo viti maalumu ni suala la mkoa mzima. Wajumbe wametawanyika katika wilaya zote, na kuwatembelea mara mbili tu kwa basi na bodaboda kunamaliza akiba ya mtumishi wa kawaida. Kisha siku ya mkutano kuna wale wanaosubiri kuambiwa watalala wapi na nauli ya kurudia itatoka kwa nani.

Katika eneo hili sheria ni kali kuliko mazoea. Ile takrima iliyoruhusiwa zamani, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kuwa kinyume cha Katiba, ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Rushwa ya ngono nayo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Naitaja hapa kwa makusudi. Njia ya viti maalumu ina watu wachache wenye uwezo wa kupandisha au kushusha jina kwenye orodha, nao hukaa nalo vikaoni ambako hakuna mwananchi anayeona. Palipo na uamuzi wa siri mikononi mwa wachache, tamaa hupata kichaka. Jimboni nako rushwa ipo, lakini anayeomba ni wengi na kila mmoja anaomba kidogo.

Jimbo kwa upande wake lina tatizo la usiku. Kampeni za hadhara huruhusiwa hadi saa kumi na mbili jioni, na kila aliyewahi kusimamia kampeni anajua kwamba kazi ya kweli huanza baada ya hapo, katika vikao vya ndani, kwenye baraza za wazee, kwenye nyumba za wenyeviti wa vitongoji. Mwanamume akizunguka saa tano usiku na vijana wake anaitwa mpambanaji, lakini mwanamke akifanya hivyohivyo, asubuhi kuna stori. Wanawake walioshinda majimbo ambao nimewaona kwa karibu walilitatua jambo hili kwa namna ya nyumbani kabisa: walitembea na mama mtu mzima wa eneo lile, shangazi au mama mkwe, ambaye kukaa kwake tu kwenye kiti cha mbele cha gari kulifunga midomo ya watu.

Ukishaapishwa

Ndani ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma kura ya mbunge wa viti maalumu ni sawa na ya mbunge wa jimbo. Anauliza maswali, anakaa kwenye kamati na anaweza kuwa waziri. Asha-Rose Migiro aliingia bungeni kwa viti maalumu, mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka uliofuata akaenda Umoja wa Mataifa kuwa Naibu Katibu Mkuu. Mwenye shabaha ya kutunga sheria au kushika wizara hana sababu ya kuvidharau viti maalumu.

Tofauti huanza unapotoka ukumbini. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa majimbo, na mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mbunge wa viti maalumu hana mfuko huo, ingawa akifika kijijini huombwa mabati yaleyale na kina mama walewale. Wengi huishia kutoa mfukoni. Halafu ana mkoa mzima lakini hana mahali pake: kila jimbo analoingia lina mwenyewe, na akionekana kwenye kata moja mara ya tatu, mbunge wa jimbo huanza kuuliza ananyemelea nini.

Katiba nayo imeweka mpaka mmoja ambao wengi hawaujui. Waziri Mkuu lazima atokane na wabunge waliochaguliwa katika majimbo. Mbunge wa viti maalumu, awe hodari kiasi gani, hawezi kuteuliwa kushika nafasi hiyo. Hatujawahi kuwa na Waziri Mkuu mwanamke, na kwa kuwa wanawake wa majimbo ni wachache kiasi nilichotaja, kapu ambalo Rais angechota ni dogo tangu mwanzo.

Ni nani anayeweza kukutoa

Mbunge yeyote anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti. Kanuni hii inawahusu wote. Lakini mbunge wa jimbo anayegombana na wakubwa wake ana ngao ya wapiga kura: chama hufikiria mara mbili, kwa sababu kumfukuza kunamaanisha uchaguzi mdogo ambao kinaweza kuushindwa. Nafasi ya viti maalumu ikiwa wazi haina uchaguzi mdogo. Hujazwa kutoka kwenye orodha ya chama hichohicho. Kiti kinabaki, anabadilika mtu.

Suala la wanawake 19 wa Chadema lilitufundisha jinsi msingi huu ulivyo laini. Waliapishwa Novemba 2020, chama chao kikasema hakikupeleka majina yao, na siku chache baadaye kikatangaza kuwavua uanachama. Rufaa zao ndani ya chama zilikataliwa Mei 2022, wakaenda mahakamani, na huku mashauri yakiendelea waliendelea kuketi bungeni. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu nani alikuwa na haki. Kwa anayelinganisha njia mbili, la kuzingatia ni kwamba kwa miaka kadhaa uhalali wa wabunge hao ulibishaniwa na chama, Bunge na mahakama, na hapakuwa na wapiga kura ambao mmoja wao angeweza kuwageukia na kusema, "Hawa ndio walionituma."

Kuna hatari nyingine ya kimyakimya. Idadi ya viti maalumu vya chama hutegemea kura zake za nchi nzima. Unaweza kufanya kazi nzuri miaka mitano na bado ukakosa nafasi kwa sababu chama chako kimeporomoka mikoa ambayo hujawahi kukanyaga.

Kwa majirani

Kenya ilichagua njia ya tatu, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa Katiba ya mwaka 2010 kila kaunti kati ya 47 humchagua Mwakilishi wa Wanawake kwa kura za wananchi wote wa kaunti hiyo, wanaume kwa wanawake, sambamba na wabunge 290 wa maeneobunge, yaani majimbo. Uhalali wake haubishaniwi, maana jina lake limo kwenye karatasi ya kura. Gharama ndiyo kasheshe. Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi huzunguka maeneobunge 17, wa Kiambu 12, ilhali mbunge wa kawaida huzunguka moja. Wa Lamu ana mawili tu. Anayefikiri kiti cha wanawake ni njia nyepesi na achukue ramani ya Nairobi aihesabu. Zaidi ya hayo, hazina aliyowekewa ya kusaidia makundi yaliyoachwa nyuma ni ndogo ikilinganishwa na ile ya maendeleo ya maeneobunge.

Lakini kiti hicho kimeonyesha kwamba kinaweza kuwa ngazi. Mwaka 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa kuwa gavana wala seneta. Mwaka 2017 walishinda magavana watatu, na mwaka 2022 saba. Kati ya hao saba, Gladys Wanga wa Homa Bay na Kawira Mwangaza wa Meru walitoka moja kwa moja kwenye kiti cha Mwakilishi wa Wanawake, na sababu si ngumu kuielewa: gavana na Mwakilishi wa Wanawake huchaguliwa na watu walewale, katika eneo lilelile. Aliyekwisha kuomba kura kaunti nzima mara mbili anajua kila soko. Mwangaza alishinda akiwa mgombea huru, jambo ambalo upande wetu wa mpaka haliwezekani, ingawa baadaye aliondolewa madarakani na bunge la kaunti na Seneti.

Mpaka wa mafanikio ya Kenya nao usisahaulike. Katiba yake inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, lakini Bunge lilishindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kulitekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Uganda nayo ina mbunge mwanamke kwa kila wilaya, anayechaguliwa na wapiga kura wote, na wawili kati yao, Rebecca Kadaga wa Kamuli na Anita Among wa Bukedea, wamefika kwenye kiti cha Spika. Ila majimbo ya kawaida ya Uganda yameendelea kuwa ya wanaume: baada ya uchaguzi wa 2021 wanawake waliotoka majimboni hawakufika 20. Ile kauli ya "mna viti vyenu" inasikika Kampala kama inavyosikika Dodoma.

Rwanda hutajwa kila mara, na ni haki yake, kwa kuwa tangu mwaka 2008 wanawake ni wengi kuliko wanaume katika Baraza la Wabunge. Mwaka 2024 walikuwa 51 kati ya 80. Lakini viti vilivyotengwa kwa wanawake ni 24 tu. Waliobaki walipita karibu wote kwenye orodha za vyama, kwa kuwa huko wananchi huchagua chama chenye orodha, wala hakuna jimbo la mtu mmoja. Mwanamke wa Rwanda halazimiki kujibu swali la ameolewa wapi. Sisi tuna mfumo wa jimbo na mtu mmoja, hivyo kumwambia dada wa Sengerema au Newala aige Rwanda ni kumwambia ahame nchi. Mapendekezo ya kubadili mfumo yaliwahi kuwekwa mezani: rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilitaka kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Mchakato ulikwama, na fomu zilizopo ni zilezile mbili.

Walikopita waliofika mbali

Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalumu, akawa waziri. Miaka kumi baadaye alikwenda kuomba kura Makunduchi na kushinda jimbo hilo katika Bunge la Muungano. Umakamu wa Rais ulifuata 2015, na urais Machi 2021. Halima Mdee alikaa viti maalumu kipindi kimoja kuanzia 2005, akashinda Kawe 2010 na tena 2015. Esther Bulaya alikuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM, akahamia Chadema na mwaka 2015 akamwangusha Stephen Wasira, mwanasiasa mkongwe, katika jimbo la Bunda Mjini. Ummy Mwalimu alikaa vipindi viwili na kuongoza Wizara ya Afya kabla ya kugombea Tanga Mjini mwaka 2020 na kushinda. Tulia Ackson alianza kwa uteuzi wa Rais mwaka 2015, akachukua Mbeya Mjini 2020, na mwaka 2022 akawa Spika. Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke, aliingia bungeni mwaka 1975 kama mwakilishi wa vijana na baadaye akaliongoza jimbo la Njombe Kusini kwa miaka mingi.

Karibu wote walianza kwa mlango wa pembeni, lakini hawakubaki pale. Kilichowatofautisha na wenzao waliosahaulika ni kwamba walichagua eneo na kulishughulikia kabla muda haujawaishia.

Basi, fomu ipi?

Kama miaka yako mingi umeitumia ndani ya chama, unawajua wajumbe kwa majina ya watoto wao, na jambo unalotaka kulisukuma ni la kisheria au la kisera zaidi kuliko barabara ya kata fulani, chukua viti maalumu bila aibu. Lakini vichukue kama mkopo wenye tarehe ya kurejesha. Siku unayoapishwa chagua jimbo moja, na miaka yako mitano igawe hivi: nusu ya muda wako mkoani uwe wa jimbo hilo, nusu nyingine ya wilaya zote zilizobaki. Ukipita mwaka wa nne hujachagua, orodha itakuwa imekuchagulia.

Kama kazi yako imekuweka mbele ya watu kwa miaka, iwe ualimu, uuguzi, ugani, biashara ya mazao au uongozi wa SACCOS, na ndani ya chama wewe ni mgeni, viti maalumu vitakuumiza. Utapambana na watu waliojipanga miaka kumi, katika uwanja wao, kwa wapiga kura wao. Nenda jimboni, na kama jimbo ni kubwa mno kwa mara ya kwanza, anza na udiwani wa kata. Na uwe wa kata kweli, kwa sababu halmashauri nazo zina madiwani wa viti maalumu kwa theluthi ya madiwani wa kata, na kitendawili chake ni hichihichi kwa udogo wake. Aliyeshinda kata hulijibu swali la "wewe ni wa wapi?" kwa matokeo yaliyobandikwa ukutani.

Sishauri kuchukua viti maalumu kwa sababu tu mtu anaogopa jimbo. Woga huo wajumbe wanaunusa, na hata ukipita utakaa bungeni ukimtazama katibu wa jumuiya kabla ya kusema neno.

Rafiki yangu mmoja, afisa ugani, alinijia akiwa na daftari la shule. Tulichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikamwambia aandike majina ya wajumbe wa mkoa ambao akiwapigia saa tatu usiku watapokea na kumwita kwa jina. Kulia aandike kata ambazo akikutwa na giza, kuna nyumba atakayogonga akapewa mkeka na uji wa asubuhi bila kulipa. Alikuwa amezunguka wilaya ile kwa pikipiki ya ofisi miaka kumi na miwili, akifundisha nafasi za mihogo na dawa za mahindi. Kushoto alifikisha majina tisa, mawili akayafuta. Kulia alipomaliza, tulihesabu kata 14 kati ya 19, na kwenye moja akaandika pembeni kwa herufi ndogo, "hapa hata mbuzi wanichinjie." Akalifunga daftari, akaniomba namba ya simu ya katibu wa chama wa wilaya.